Kompyuta moja watu wanne kwa wakati mmoja: ununue nini kwa steshenari au maabara ya shule, nimezipanga kuanzia ya kwanza mpaka ya kuepuka

Kila msimu wa kuomba mikopo ya wanafunzi wa vyuo ya HESLB ukikaribia maswali yanayonifikia ni yaleyale, mtu anafungua steshenari, au ni mwalimu wa shule ya kata kapewa chumba na hela kidogo, anasema nina hela ya deskitopu tatu za mtumba ila nataka watu sita wakae kwa pamoja, nifanyeje. Inawezekana kabisa, mi mwenyewe nina viti nane (kiti ni monita, kibodi na mausi ya mtu mmoja) kwenye mashine mbili mwaka wa tatu huu, lakini njia za kuifanya hiyo kazi ziko kama tano na nyingine zinakula hela yako bure, ndo maana nimekaa niandike kwa kirefu.

Kwanza uelewe kwanini inawezekana. Mtu anayechapa barua au anayejaza fomu kwenye brauza anaishughulisha prosesa kidogo tu alafu inakaa inamsubiri afikirie neno linalofuata. Ukimleta wa pili, wa tatu na wa nne wanatumia ule muda ambao ingekaa bure. Wazo lenyewe ni la zamani sana, mwaka 1961 pale MIT Marekani, Fernando Corbató na wenzake walionyesha mfumo wao wa CTSS ambapo watu kadhaa walitumia kompyuta moja kwa wakati mmoja, maana siku hizo mashine ilikuwa ghali mno kukaa inamngoja mtu mmoja. Na shule zimeshafanya kwa ukubwa wa kutisha, Makedonia mwaka 2007 waliamua kuwapa wanafunzi wao viti kwa mtindo huuhuu wakitumia viboksi vya NComputing, vidude vya kuunganisha monita na kibodi za watu wengi kwenye kompyuta moja, na Brazil mwaka 2009 ilitangazwa mipango ya viti 356,800 kwenye shule za serikali kwa programu ya Userful. Kwahiyo usimsikilize fundi anayekwambia haiwezekani, muulize tu yeye ameshawahi kujaribu lini.

Sasa prosesa inagawanyika vizuri, RAM (kumbukumbu ya muda ya mashine) na diski ndo zinaleta ugomvi. Brauza yenye kurasa tano sita zimefunguliwa inameza GB 2 mpaka 3 kwa mtu mmoja, kwahiyo watu wanne piga GB 12 hivi, jumlisha za mfumo wenyewe, chini ya GB 16 usithubutu. Na diski ndo wengi wanakosea hapa, wananunua mashine nzuri wanaacha diski ya kizamani ndani. Ile diski ya kuzunguka inaweza kuhudumia maombi kama mia moja tu kwa sekunde ya vitu vilivyotawanyika, watu wanne wakifungua brauza kwa mpigo kila kitu kinaganda na wateja wanaanza kupigapiga mausi. SSD, yaani diski isiyo na kitu cha kuzunguka, hata ya kawaida tu ya SATA inahudumia makumi ya maelfu. Ukikosa hela ya kitu kingine chochote kwenye hii orodha kosa, ila SSD nunua.

Na hesabu ifanye kwa kiti, achana na bei ya boksi. Chukua bei ya mashine, ongeza kadi za grafiki (za kutoa picha kwenye monita), SSD, RAM, monita, kibodi na mausi, spika au hedifoni, waya, leseni kama ipo, alafu gawanya kwa idadi ya watu watakaokaa. Alafu fanya hesabu hiyohiyo kwa kompyuta za mtumba za kujitegemea, moja kwa kila kiti. Kama tofauti ni ndogo nunua za kujitegemea, nakwambia ukweli, kugawana kuna faida ikipunguza gharama kwa nusu hivi au ikikusaidia kwenye umeme. Ukitaka viti viwili tu usihangaike. Na kama wateja wako ni watu wa kudizaini mabango na kukata video basi usigawane kabisa, kila mmoja apewe mashine yake.

Umeme nao uingie kwenye hesabu. Deskitopu ya ofisi kwenye kazi nyepesi inakula kama wati 40, monita ya inchi 19 kama wati 20. Viti nane vya kujitegemea hapo ni wati 480. Zangu mbili za kugawana, kila moja kama wati 70 na kadi zake, jumlisha monita nane, inakuja kama 300. Hizo wati 180 za tofauti ukifungua masaa kumi kwa siku ni yuniti 1.8, kwa mwezi wa siku 26 karibu yuniti 47 za LUKU. Kwa anayetumia sola kijijini hapo ndo kila kitu, maana tofauti yake ni paneli na betri.

Namba moja: tawa ya mtumba, kadi za grafiki, na Linux

Hii ndo ninayoitumia na ndo nitakayomshauri mdogo wangu. Linux ni mfumo wa bure unaokaa mahali pa Windows. Unanunua deskitopu moja ya ofisi ya mtumba yenye boksi refu, sio lile bapa, mfano HP EliteDesk au Dell OptiPlex ya tawa, Core i5 ya kori 4, unaweka RAM GB 16 na SSD, alafu unaongeza kadi za grafiki za bei ya chini kabisa. Kila kiti kinahitaji grafiki yake, ya ndani ya Intel inahesabika kama moja, kwahiyo viti vitatu ni kadi mbili za kuongeza, viti vinne ni kadi tatu. Kadi unazotafuta ni zile ndogo ambazo wacheza gemu hawazitaki, Radeon HD 5450 au HD 6450, hazihitaji waya wa umeme wa ziada na HD 6450 haivuki wati 27 hata ikibanwa, pawasaplai ya ofisi inazibeba. Nachagua Radeon kwa makusudi, draiva zake, programu za kuiendesha kadi, zimo ndani ya Linux tayari. Nvidia kama GT 710 inafanya kazi ila ukichanganya kadi kadhaa na draiva yao wenyewe utakesha.

Boksi bapa ukinunua utalazimika kutafuta kadi fupi na sloti zenyewe, sehemu za kuchomeka kadi, unakuta mbili, ndo maana nasema tawa. Fungua kifuniko dukani uhesabu sloti kwa macho yako, usikubali kuambiwa. Sloti fupi kabisa za PCIe, aina ya sloti za kisasa, nazo zinatumika, kuna raiza zile walizokuwa wanatumia watu wa kuchimba sarafu za mtandaoni, unachomeka kwenye sloti fupi unapata sloti ndefu, kiti changu cha nne kimekaa hivyo na kinafanya kazi kama wenzake. Jambo jingine, mashine nyingine ukichomeka kadi ya nje BIOS, mipangilio ya mashine kabla mfumo haujawaka, inazima grafiki ya ndani, ingia humo utafute sehemu ya kuiacha iwake zote mbili, ikikosekana ujue umepoteza kiti kimoja.

Kwenye Linux hakuna programu ya kununua. Naweka Linux Mint au Xubuntu, ni nyepesi, alafu kazi ya kugawa viti inafanywa na amri ya `loginctl attach`, unaiambia kadi hii na USB hab hii (kidude cha kugawa tundu moja la USB kuwa mengi) ni za kiti cha pili, basi. Ukishaipa hab, kibodi, mausi na hata flashi ikichomekwa kwenye ile hab vinahesabika ni vya kiti hicho, na mpangilio unabaki hata ukizima mashine. Kila mtu anaona sehemu yake ya kuingilia. Sauti chomeka kidude cha sauti cha USB kwenye kila hab. Waya wa USB usivuke mita 5, kwahiyo panga meza moja watu waizunguke mashine, usifikirie mtu wa chumba cha pili.

Kila kiti kipe akaunti yake, hili nalisisitiza. Wote wakiingia kwa akaunti moja Firefox itagoma kwa wa pili kwa sababu inaona tayari iko wazi, na kubwa zaidi wateja wa steshenari wanakuja na vyeti vya kuzaliwa, namba za NIDA, nywila za Ajira Portal, haviwezi kubaki kwenye folda moja mtu wa kiti cha jirani anavisoma. Mi nafuta folda za wateja kila jioni.

Watu wanaogopa Linux kwa sababu ya Word. Sikatai, LibreOffice kuna faili inavuruga hasa zenye majedwali mengi, lakini nusu ya malalamiko yanaisha ukiweka fonti, Carlito inachukua nafasi ya Calibri, Caladea ya Cambria, Liberation Serif ya Times New Roman, upana wa herufi ni uleule kwahiyo kurasa hazihami. Kwenye fomu za mtandaoni hakuna tofauti yoyote, mteja anafungua Chrome au Firefox anaendelea.

Na sasa hivi kuna sababu nyingine. Windows 10 Microsoft waliacha kuihudumia kwa kawaida tarehe 14 Oktoba 2025, na Windows 11 rasmi inataka Intel kizazi cha 8 kwenda juu na TPM 2.0, chip ya usalama. Mashine za kizazi cha 4 mpaka cha 7 ndo zimejaa kwenye mitumba kwa bei nzuri, na kwa Linux zina miaka mingi bado. Ukipata cha 7 kwa bei inayokaribiana na cha 6 chukua cha 7, chip yake inafungua video za VP9 yenyewe, zile za YouTube, bila kuichosha prosesa. Kwa kiti kinachotumia grafiki hiyo ya ndani unaiona.

Nisichopenda kwenye njia hii ni kimoja na ni kikubwa, mashine ikifa viti vyote vinakufa. Mi pawasaplai iliungua katikati ya msimu wa mikopo nikiwa na mashine moja ya watu sita, wanafunzi wamesafiri kutoka vijijini wamekaa nje wananiangalia, siku nzima imekwenda. Tangu hapo naweka mbili za wastani, watu wanne wanne, sirundiki wote kwenye mashine moja kubwa, na pawasaplai ya akiba ipo kabatini.

Namba mbili: seva moja na kompyuta kuukuu zinazowaka kupitia netiweki

Hii ni kwa mwalimu mwenye mashine kumi na tano za msaada zimekaa stoo, nusu yake diski zimekufa. Usizitupe. Kuna mfumo unaitwa LTSP, upo tangu 1999 na mwaka 2019 uliandikwa upya, ni wa bure. Seva moja inabeba mfumo wote, mashine nyingine zinawaka kwa waya wa netiweki bila diski yoyote ndani, kazi zinafanyika kwenye prosesa na RAM zao wenyewe ila programu na mafaili ya wanafunzi yako kwenye seva. Mwanafunzi anakaa kiti chochote anakuta kazi yake, na ukitaka kuongeza programu unaweka mara moja kwenye seva, mashine zote zinaipata zikiwaka tena. Kuna na programu inaitwa Epoptes, mwalimu anaona skrini zote mbele yake, anaweza kufunga za darasa zima akitaka wamsikilize.

Hapa unachonunua hasa ni swichi, kile kiboksi cha kuunganisha waya zote za netiweki, na iwe ya gigabiti, tafadhali. Zile swichi za megabiti 100 ndo rahisi kuzikuta, darasa likiwasha pamoja asubuhi utasubiri mpaka kipindi kiishe. Waya uwe Cat5e au Cat6 wa shaba kweli. RAM za wanafunzi GB 4 kila moja, GB 2 itavumilia kuchapa tu. Kama unanunua mashine za wanafunzi kabisa, angalia viboksi vya mtumba kama HP t620, ni vidogo, havina feni, vinakula umeme kidogo sana na havimezi vumbi.

Ningeiweka namba moja kwa shule ila inataka mtu anayeelewa netiweki, na akihama shule ile maabara inalala. Kama una mwalimu mmoja tu anayejua, mfundishe na wa pili kabla hujanunua chochote.

Namba tatu: Windows ya kawaida na programu ya ASTER

Ni sawa na namba moja kwa vifaa, ila unabaki na Windows. ASTER, programu ya kugawa Windows moja kwa watu kadhaa, inauzwa kwa idadi ya viti, kuna muda wa kuijaribu bure, na faida yake kubwa ni kwamba kadi moja yenye matundu matatu ya monita inaweza kugawanywa watu watatu, kwahiyo hesabu ya sloti inakuwa rahisi. Inafanya kazi, nimeiona kwenye ofisi ya jamaa yangu inakwenda bila shida.

Nimeishusha kwa mambo mawili. Masharti ya Windows za kawaida ni mtu mmoja kwa wakati mmoja, ASTER kuiwezesha hakukupi ruhusa ya Microsoft, na shule au ofisi inayokaguliwa isijiingize huko. Na pili ni ile habari ya Windows 11, ukitaka kuwa salama na apdeti unanunua mashine ya kizazi cha 8, bei inapanda na ile nafuu ya kiti inayeyuka.

Namba nne: Windows Server

Kwa ofisi yenye programu ya uhasibu inayokataa Linux hii ndo njia halali, na sina mengi ya kusema zaidi ya leseni. Unanunua Windows Server, Windows ya seva ambayo watu wengi wanaiingia kupitia netiweki, alafu leseni ya kila mtumiaji ya kuingia kwenye seva, alafu nyingine ya kutumia deskitopu ya mbali. Ukiiweka utaona inafanya kazi vizuri ukadhani umemaliza, zile ni siku 120 za neema, zikiisha watu wanakataliwa kuingia. Kulikuwa na toleo lao rahisi la shule, MultiPoint, lilianza 2010, ila kuanzia Windows Server 2019 wameliondoa, kwahiyo mtu akikuuzia kwa jina hilo leo anakuuzia kitu cha jana.

Mezani pa kila mtumiaji unaweza kuweka viboksi vya NComputing vya baadaye kama RX300, ndani yake ni Raspberry Pi 3, au Raspberry Pi yenyewe. Ni vizuri. Ukinunua Pi 4 kumbuka tundu lake la monita ni HDMI ndogo kabisa, adapta yake uinunue hapohapo.

Ya kuepuka: viboksi vya kizamani vinavyouzwa kwa bei ya kutupa

Hapa niliumia. Niliuziwa seti ya NComputing X300 iliyotumika, bei ya kuvutia, muuzaji kaniwashia dukani kwenye mashine yake nikaona kwa macho watu watatu wanachapa. Nikafika nyumbani, kadi yake ni ya PCI ile ya zamani, mashine yangu haina hata sloti moja ya aina hiyo. Nikatafuta mashine kuukuu yenye sloti, programu yake nayo inataka Windows za enzi zile ambazo leo hata brauza mpya hazikubali. Ile seti ilikuwa nzuri kwa wakati wake, kadi moja inabeba watu watatu wa ziada na waya wa netiweki unafika mita 10, lakini wakati wake umepita. Hivyo hivyo kwa viboksi visivyo na jina vinavyosema kompyuta moja watu thelathini, uliza vitu viwili tu, programu yake inakubali mfumo gani wa leo, na leseni inahamishika kwa mnunuzi wa pili. Akijiumauma ondoka.

Adapta za USB za kutoa picha kwenye monita siziiti mbaya, Fedora 17 mwaka 2012 ilikuja na uwezo wa kutengeneza kiti kizima ukichomeka tu doki ya aina hiyo, ila za USB 2.0 mwisho wake ni megabiti 480, video inakatakata. Kwa kiti kimoja cha kuchapa tu, sawa.

Kitu ambacho sikukitarajia na sasa siwezi kukiacha ni UPS, ile betri ya kushikilia umeme ukikatika. Kwenye kugawana huhitaji kuweka monita zote kwenye UPS, weka boksi la mashine na monita yako moja. Umeme ukikatika monita za wateja zinazima lakini kazi zao zinaendelea kuwepo ndani ya mashine, jenereta ikiwaka kila mtu anakuta sentensi yake palepale alipoiacha. UPS moja ya VA 650 inatosha boksi moja kwa dakika za kutosha kuwasha jenereta, au kumwambia kila mtu tunahifadhi.

Ukienda Kariakoo au Luthuli Nairobi nenda na flashi yenye Linux Mint. Waambie wakuwashie mashine kutoka kwenye flashi, muuzaji wa kweli hakatai. Chomeka kadi ya grafiki uliyokuja nayo, washa, andika `lspci` uone grafiki zote mbili zimeorodheshwa, ya ndani na ya kwako, alafu `loginctl seat-status seat0` uone monita na USB zote zipo. Chomeka flashi nyingine kwenye kila tundu la USB moja moja, za mbele na za nyuma, maana mitumba mingi matundu ya mbele yamekufa na wewe unayahitaji yote. Fungua video kamili mbili kwa pamoja uiache dakika kumi usikilize feni. Kisha zima, fungua kifuniko, angalia kapasita, vile vikopo vidogo vya kwenye mazabodi, kama kuna iliyovimba kichwani. Zikiwa bapa zote, lipa.